Vipandikizi vya Fundi

Tangu Fundi aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyumba yao ilijaa adabu. Zamani ilikuwa nyumba ya kelele. Mke akizidisha chumvi, Fundi alisukuma sahani na kuuliza kama siku hizi wanalishwa maji ya bahari. Fundi akiingia ndani na viatu vya zege, mke alimfukuza kwa ufagio mpaka nje. Waligombana asubuhi, wakacheka mchana, na jioni majirani waliwasikia wakigombana tena juu ya nani alianza kucheka. Sasa Fundi alikuwa mtu wa asante. Akipewa maji, asante. Akigeuzwa kitandani, asante, samahani kwa kukusumbua. Chakula kikiungua alikila chote na kusema kilikuwa kitamu. Mke wake alizichukia asante zile kuliko alivyolichukia lile jukwaa.

Mke mwenyewe alikuwa dobi katika nyumba ya wageni karibu na stendi ya mabasi. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya watu asiowajua na kuyapiga pasi hadi yasibaki na kunyanzi hata moja. Kabla ya kwenda kazini alimwamsha Fundi, akamwogesha, akamvalisha, akambeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kisha akamsukuma mpaka uani. Miguu ya Fundi ilikuwepo, haikukatwa wala haikupungua, ila ilikuwa haimsikilizi tena. Mikono ilikuwa mizima. Mikono ile ilikuwa imejenga nusu ya mtaa, na sasa kutwa nzima ililala mapajani haina la kufanya.

Uani palikuwa na mti mkubwa wa maua, frangipani. Waliukuta pale waliponunua kiwanja, na Fundi alipochora msingi wa nyumba, mafundi wenzake walimshauri aung'oe. Alikataa. Alisogeza ukuta wa jikoni ili mti ubaki, ndiyo maana jiko lao lilikuwa jembamba kiasi kwamba watu wawili wakitaka kupishana lazima mmoja atoke. Wageni walicheka jiko lile. Fundi aliwajibu kwamba mwenye mwili mkubwa apike nyumbani kwake.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya sekondari alipita kumjulia hali, kwa sababu madarasa yake mawili yalikuwa kazi ya Fundi. Alikaa kidogo, akasema maneno yanayosemwa kwa wagonjwa, na alipoishiwa akatazama juu.

"Maua haya, Fundi, yanaoteshwaje? Sijawahi kuona mbegu zake zikiuzwa."

"Hayahitaji mbegu, mwalimu. Unakata tawi, unaliacha likauke kidonda, unalipanda."

"Basi niotesheeni kumi. Nataka yasimame kushoto na kulia, kutoka getini mpaka ofisini kwangu. Yakishatoa mizizi nitakuja kuyachukua, na nitalipa kama ninavyomlipa mtu yeyote."

Huenda alisema vile kwa huruma tu. Walimu wakuu nao ni watu. Lakini Fundi hakuisikia huruma, alisikia kazi. Mwalimu alipoondoka Fundi aliinua uso akautazama mti tawi kwa tawi, na mke wake aliyekuwa akianika nguo alisimama na shati bichi mkononi, kwa sababu alikuwa hajaiona sura ile tangu ajali.

*

Walikata siku ya mapumziko ya mke. Mke alipanda juu ya stuli na kisu, Fundi akaongoza kutoka chini.

"Siyo hilo. Hilo bado changa, ni la kijani. Chukua lenye ganda la kijivu."

"Hili?"

"Hilo. Kata moja kwa moja, usilitafune kama panya."

Kila tawi lilipokatwa lilitoa utomvu mweupe kama maziwa, ukamtiririkia mke mpaka kwenye kiwiko. Yeye dobi aliujua utomvu ule. Ukigusa nguo umeiaga nguo. Alivaa gauni lake bovu kuliko yote na bado alisikitika. Fundi alipokea matawi moja moja mapajani, akapunguza majani kwa wembe, akafuta utomvu kwa kitambaa na kupaka majivu pale palipokatwa. Kisha yakapangwa juu ya ubao chini ya paa, penye hewa na kivuli, yakaachwa mpaka vidonda vikauke na kuwa vigumu.

Baadaye, vidonda vilipokauka, Fundi akaomba aletewe chekecheke lake la wavu, lile la kazini. Akachekecha mchanga akiwa amekaa, vumbi likampaka nywele, mabega yakatoka jasho. Mke aliingia jikoni akalia kidogo nyuma ya mlango, kilio cha furaha, kisha akanawa uso akatoka. Wakajaza makopo kumi ya rangi yaliyotobolewa chini. Fundi akasimamisha kipandikizi cha kwanza, akatoa timazi mfukoni, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mafundi hupimia ukuta kama umesimama wima, akaining'iniza kando ya kile kijiti.

"Fundi, ni mti huo, siyo ghorofa," mke alisema.

"Mimi sijawahi kusimamisha kitu kikaenda upande. Sianzi leo."

Vyote kumi vilipita mbele ya timazi. Vilipangwa kando ya ukuta, vimenyooka kama wanafunzi asubuhi.

"Sasa nisikilize," Fundi alisema. "Hapa hakuna maji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vitoe majani mapya. Kijiti hiki kina maji yake ndani. Ukikipa maji mengine kabla hakijatoa mizizi, kinaoza kwa chini. Kiache kipate shida kidogo, kitatafuta mizizi chenyewe."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Mke akaitikia. Aliitikia kwa moyo wote, na wakati ule alimaanisha.

*

Kaka mkubwa wa Fundi alikuwa na malori na nyumba kubwa katika mji mwingine. Pale nyumbani walimwita Mheshimiwa, kwa sababu hata akiomba chumvi aliiomba kama mtu anayefungua mkutano. Jioni ile alipiga simu, na Fundi akaweka sauti kubwa ili mkono wake uendelee kumenya viazi.

"Suala la afya yako, mdogo wangu, lazima tulipatie ufumbuzi wa kudumu," Mheshimiwa alisema. "Nimetayarisha chumba cha uani. Nimeajiri na kijana wa kukuhudumia. Shemeji anateseka, na wewe unajua anateseka, ila hamtaki kuambiana."

"Shemeji, mimi sijalalamika kwa mtu," mke alisema.

"Ndiyo maana nalalamika kwa niaba yako. Wewe una kazi yako huko, endelea nayo. Utakuwa unakuja kumtembelea nafasi ikipatikana."

Mke aliangalia viazi. Alijua nafasi za dobi zinavyopatikana. Angekwenda mara moja, angekwenda mara ya pili, kisha angekuwa mgeni kwa mume wake mwenyewe, anayekaribishwa sebuleni na kuulizwa safari ilikuwaje.

"Kaka," Fundi alisema, "nina kazi ya mwalimu mkuu hapa. Nimepanda vipandikizi. Wewe uko huku mwezi ujao kwa mzigo wako, sivyo?"

"Jumamosi ya mwisho."

"Basi njoo siku hiyo. Vikiwa vimeshika, nabaki, nitakuwa mtu mwenye kazi. Vikiwa havikushika nitaondoka nawe, nisiendelee kumchosha mke wa watu."

Alisema "mke wa watu" kwa utani, lakini hakucheka. Mheshimiwa alisema azimio hilo limepita. Simu ilipokatika, mke aliuliza ni vipi maisha yao yanaamuliwa na vijiti kwenye makopo ya rangi.

"Samahani," Fundi alijibu. "Nimeona ni haki kwako."

Angalau angebisha. Angalau angemwambia anyamaze, mambo ya wanaume na kaka zao hayamhusu. Lakini alisema samahani, na baada ya samahani mtu hana pa kuingilia.

*

Wiki ya kwanza vipandikizi vilikaa kama vilivyo. Wiki iliyofuata ganda likaanza kufanya kunyanzi. Mke aliona wakati anafagia. Alikipapasa kimoja, akahisi kimenywea kidogo, kama kidole kilichokaa sana kwenye maji ya sabuni. Akamtazama Fundi. Fundi alikuwa amesinzia kwenye kiti, naye pia amenywea, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

Hapo ndipo lazima ieleweke alikuwa mke wa nani. Walipokuwa wanajenga nyumba hii, Fundi alikuwa akijenga ukuta jioni baada ya kutoka kwenye kazi za watu, na kila alfajiri akiondoka alimwachia mke neno moja: mwagilia. Ukuta mbichi usipopata maji unapasuka. Sakafu ya zege isiponyweshwa siku zake zote inakuwa unga. Mke alibeba ndoo asubuhi, alibeba ndoo jioni, mimba ikiwa tumboni na baadaye mtoto, ambaye siku hizi ana maisha yake mbali, akiwa mgongoni. Hakuna ukuta hata mmoja katika nyumba ile ambao hakuunywesha. Fundi alipowaringia watu kwamba nyumba yake haina ufa, alikuwa akimwonyesha mke wake kwa kidole. Hivyo ndivyo walivyopendana, yeye akisimamisha, mke akimwagilia. Miaka yote hakuna alichokijenga Fundi pale nyumbani ambacho kilisimama bila maji ya mke wake.

Kwa hiyo alichukua kikombe. Alijiambia ni tone tu, la kulainisha koo. Alizunguka kopo kwa kopo kabla Fundi hajaamka, na mchanga ukanywa haraka usiache alama, au ndivyo alivyoona. Kesho yake akarudia. Akaona kunyanzi zimepungua kidogo, akafurahi, akaongeza. Ikawa ndiyo sala yake ya asubuhi: anaamka, anachota kikombe, anamwagilia, kisha anaingia kumwogesha mume wake na kuambiwa asante.

*

Jumatano kabla ya Jumamosi ile, kopo la mwisho kwenye mstari lilikuwa na harufu. Mke aliinama, akashika kile kijiti, kikamjia mkononi bila kubisha. Upande wa chini ulikuwa mweusi na laini, ukabonyea kwenye vidole vyake ukatoa maji yanayonuka. Akashika cha pili. Akashika cha tatu. Hakuendelea kuvivuta, alivibonyeza tu pale chini, na vyote vilibonyea.

Alikaa chini kwenye vumbi, kikombe kikiwa bado mkononi. Hakuwa na wa kumlaumu. Alikuwa ameambiwa hata tone, na ameambiwa kwa Kiswahili.

Ndani Fundi aliita, "Mama, umeamka?"

"Naja!"

Akavirudisha vile vitatu, akashindilia mchanga, akaingia. Alimwogesha siku ile akasahau sabuni, Fundi akamwuliza kama anaumwa. Akasema amelala vibaya. Fundi akasema pole, ni kwa sababu yangu. Mke alimsugua mgongo kwa nguvu mno.

Kazini alichoma shuka kwa pasi, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Msimamizi alilinyanyua lile shuka mbele ya wenzake kila mtu alione, akalikunja, akaliweka pembeni. Mke alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa muuza miche, mwanamke mmoja mwenye kibanda kando ya barabara kubwa.

"Una frangipani zilizokwisha shika?"

Muuza miche alimtazama juu hadi chini. "Si wewe mke wa yule Fundi wa kiti? Mwalimu mkuu alikuja hapa nikamwambia ninazo, akasema ameshaagiza kwa mume wako. Nikasema sawa, ndugu zangu mafundi wamehamia kwenye miche, mimi nitahamia kwenye tofali."

"Nauliza kama unazo."

"Ninazo. Kumi, sivyo?" Alicheka. Hakuwa mwanamke mbaya, ila alikuwa amenyimwa biashara na sasa biashara imerudi kwa miguu yake yenyewe. "Zimekufa zote? Pole. Mgonjwa apumzishwe, mama, asipewe vitu vya kumwongezea machungu."

Mke alimeza maneno yale pamoja na mate. Alilipa pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya viatu, na hakuomba apunguziwe, kwa sababu mwenye kuomba lazima aendelee kusimama pale. Miche ilikuwa mizuri, ina majani mapya ya kijani yanayong'aa. Aliificha kwa jirani.

Alfajiri ya Jumamosi aling'oa vipandikizi vyote vilivyooza, akavifunga kwenye mfuko na kuvitupa mbali. Akapanda ile miche katika makopo yale yale, akamwaga mchanga mkavu juu, akafagia uani mpaka hapana alama ya mguu. Alipomaliza akasimama akaitazama kazi yake. Yenyewe ilimdanganya hata yeye. Akajiambia kwamba mume kubaki nyumbani kwake ni jambo kubwa kuliko uongo wa makopo, na akajiambia tena, kwa sababu mara ya kwanza haikutosha.

*

Mheshimiwa alifika asubuhi na gari dogo, shati jeupe, na yule kijana wa kuhudumia ameketi nyuma. Begi la Fundi lilikuwa tayari karibu na mlango. Fundi mwenyewe alikuwa ameomba lifungwe tangu jana, ili kaka asicheleweshwe ikiwa itakuwa ni safari.

"Basi twende tukague mradi," Mheshimiwa alisema.

Mke alisukuma kiti mpaka uani. Kwenye kizingiti Fundi aliinua mkono, kiti kikasimama. Alitazama makopo kutoka pale, mbali, hata hajayakaribia. Kisha akasema wasogee. Akalinyooshea mkono kopo la kwanza, akagusa jani, akapitisha kidole gumba kwenye ganda, taratibu, kutoka juu kwenda chini.

"Mama yangu!" Mheshimiwa alisema. "Majani kabisa! Mdogo wangu, nakubali nimeshindwa."

Mke alisubiri.

"Vimependeza," Fundi alisema. Akamgeukia mke wake, akamtazama kwa upole ambao ungeweza kumuua mtu. "Asante, mke wangu. Umehangaika sana." Kisha kwa kaka yake: "Tia begi garini, kaka. Niko tayari."

Mheshimiwa alipigwa na butwaa. "Lakini si ulisema vikishika..."

"Nilisema. Nimebadili mawazo. Tuondoke jua halijawa kali."

Kaka mtu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na hoja ya kuwasilisha. Akaenda kuchukua begi. Walipobaki wawili, mke alizunguka akasimama mbele ya kiti.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Unachokijua."

"Sina neno, mama. Umefanya mengi kwa ajili yangu."

"Nimekuambia sema!"

Fundi aliinamisha macho. Mke akainama, akashika mche wa kwanza, akaung'oa na mizizi yake yote, mchanga ukamrukia Fundi miguuni.

"Hivi siyo vyako!"

"Najua."

"Umejua saa ngapi?"

"Pale mlangoni. Vimelala upande." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Na hivi vimekulia kivulini, makovu ya majani yameachana. Vyangu vilikuwa vimebanana."

"Na maji? Ulijua na maji?"

Fundi alinyoosha kidole kwenye kopo. "Mchanga mkavu ni mweupe. Ukilowa unakuwa mweusi, hata ukikauka juu unaacha mstari kwenye kopo. Mimi nimeshika mchanga maisha yangu yote. Nilijua siku ya pili."

Mke alitazama makopo kumi. Siku ya pili. Vingeweza kupona vyote. Kila asubuhi alikuwa akija na kikombe chake kwa siri, na mtu huyu amelala ndani macho wazi, anamsikia.

"Ulijua vinaoza ukanyamaza? Ulijua utachukuliwa, ukanyamaza?"

"Ningesema nini?"

"Ungeniambia niache!"

"Ningekuambia kwa mdomo gani?" Sasa sauti ilipanda, ikapasuka katikati. "Unaniamsha wewe. Unaniogesha wewe, unanisafisha mpaka pale ambapo mama yangu tu ndiye aliyewahi kunisafisha. Mtu wa namna hiyo unamgombezaje? Ukimkasirisha, kesho nani atakuinua?"

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya zile asante zote. Mume wake alikuwa anamwogopa. Amelala naye kitanda kimoja miezi yote hii, akimwogopa kama mpangaji anavyomwogopa mwenye nyumba.

"Unanigombeza kwa mdomo huo huo!" akapiga kelele. "Huo huo uliokuwa ukinisema kwa chumvi! Mimi niliolewa na mdomo huo! Unafikiri nitakuacha kitandani kwa sababu umenikaripia? Mimi? Umeniona mtu wa aina gani?"

Akaurusha ule mche ukagonga ukuta. Fundi alishtuka, mikono ikakamata magurudumu. Kitu fulani kikampanda kutoka kifuani mpaka usoni.

"Nilikuambia hata tone!" alifoka. "Hata tone, nikarudia! Wewe una kichwa kigumu kuliko zege! Vijiti vyangu! Nimechekecha mchanga siku nzima kwa mikono yangu, wewe unakuja kuvinywesha kama ng'ombe!"

"Nilikuwa naviona vinasinyaa!"

"Ndivyo vinavyotakiwa visinyae! Halafu unaniletea miche ya barabarani, unanidanganya kama mtoto anayebadilishiwa kifaranga kilichokufa! Mbele ya kaka yangu!"

"Na wewe mwoga! Unakimbilia chumba cha uani cha watu kwa sababu unaogopa kugombana na mke wako!"

"Mwoga ni wewe unayemwagilia kwa kujificha!"

Kichwa cha jirani kilitokea juu ya ukuta, kikazama tena. Mheshimiwa alirudi mbio, begi likiwa bado mkononi, amekunja uso wa usuluhishi.

"Jamani, jamani. Mnaona sasa? Ndiyo maana nilisema hali hii haiwezi kuendelea. Katika mazingira ya namna hii..."

"Wewe nyamaza!" walisema wote wawili.

Fundi alikuwa akihema kama aliyepandisha ndoo za zege ghorofa ya tatu.

"Kaka, weka begi chini," alisema. "Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kwenda, nenda, na kijana wako mlipe siku yake. Mimi sijamaliza na huyu mwanamke."

"Na miche hii?" mke aliuliza.

"Irudi ilikotoka. Sipeleki shuleni kazi ambayo sikuifanya. Nitampigia mwalimu mkuu mwenyewe, nitamwambia vya kwanza vimeoza, asubiri. Na nitamtajia aliyeviozesha."

"Mtajie!" mke alisema. "Mtajie na jina la ukoo!"

"Nitataja! Lete kisu."

"Cha nini?"

"Cha nini! Kwani nitakata kwa meno? Lete na stuli."

Alileta kisu, alileta stuli, hakukumbuka hata kubadilisha gauni. Alipanda. Chini yake Fundi alikuwa amesukuma kiti mwenyewe mpaka kwenye shina, gurudumu limekwama kwenye mzizi, anavuta na kutukana mzizi, na mke aliyekuwa juu alijizuia kushuka kumsaidia. Alijizuia kwa shida kubwa. Alishika tawi kwa mikono yote miwili akangoja. Gurudumu likapita.

"Siyo hilo!" sauti ilitoka chini. "Wewe hujifunzi? La kushoto, lenye ganda la kijivu!"

Alishika la kushoto. Hakuliona vizuri. Machozi yalikuwa yanamtoka yanadondoka mpaka chini, moja likamwangukia Fundi kwenye mkono uliokuwa umenyooshwa kupokea. Fundi alilitazama, akaufuta mkono kwenye suruali. Hakusema samahani.

"Unalia nini huko juu?" alisema. "Kata!"

Akakata.